Hallveig Wawili, Tuzo Moja

Mjini kwetu walikuwapo Hallveig Jónsdóttir wawili: mmoja mwandishi wa vitabu vya watoto, mwingine mlinzi wa bwawa la maji moto. Hatuna majina ya ukoo sisi, watu wa kisiwa hiki cha baridi cha kaskazini. Ni jina lako na la babako, basi: Jónsdóttir ni binti wa Jón, na akina Jón hawana idadi. Kitabu cha simu huongeza kazi ya mtu, lakini mpeleka barua ana muda gani wa kuangalia kazi?

Kwa hiyo barua ya Tuzo ya Mwaka ya Vitabu vya Watoto ilipoangukia kwa Hallveig wa bwawani, roho ilimruka. Ilisema ameshinda, haikusema kwa lipi. Na barua za mwenzake alishaletewa mara ngapi!

“Wewe, tuzo?” dada yake Gróa alicheka. “Labda ya kuwafokea wasiooga kabla ya kuingia majini! Si uwapigie simu uwaulize?”

“Nife kwa aibu?”

Hakupiga, mwoga huyo! Miaka thelathini na mmoja alikuwa akiwasomea hadithi watoto waliongoja wazazi, wao majini hadi shingoni, theluji ikiwaangukia vichwani, kitabu kikiwa ndani ya mfuko wa plastiki. Lakini hilo kwake halikuwa jambo la kupewa tuzo.

Siku ya Kwanza ya Kiangazi, sikukuu yetu ya Aprili, theluji ikianguka kama kawaida yake, alikaa ukumbini akiikunja na kuikunjua ile barua. Kando yake alikaa yule mwandishi. Waandishi wote walialikwa.

“Somo, mbona watetemeka?”

Jina likaitwa. Wa bwawani akamsukuma mwenzake.

“Nenda, somo. Ni yako hii. Barua ilikosea mlango.”

Mwandishi akainuka, uso umemchangamka. Miaka arobaini alikuwa akiingoja. Alishapanda ngazi mbili za jukwaa mwenyekiti aliposoma: “Kwa kuwasomea watoto bwawani...”

Hallveig alitamani ardhi immeze, na safari hii hakujiogopea nafsi yake. Mungu wangu, nimemfanya nini mwenzangu?

Mwandishi alisimama palepale, amewapa watu mgongo. Kisha akageuka, machozi yakimlengalenga.

“Haya inuka, somo,” alisema, akijaribu kucheka. “Wanangu wote wawili uliwasomea wewe. Mimi nilikuwa nyumbani, naandika.”