Walifungua Kifuniko cha Mota ili Wapige Picha

Jamani, chakula hakipiti. Leo mkanda wa mota umemla shemeji yangu Pius vidole, na kosa si lake!

Mota yenyewe ni ile ya umeme tuliyoifunga mimi na yeye kwenye kiwanda cha mkonge cha Mdachi. Mkanda wake hauna huruma, ndiyo maana tuliufunika kwa kifuniko cha mbao za mvule.

Asubuhi kaja mpiga picha kutoka Dar es Salaam.

Mdachi akasema, "Ondoa hilo sanduku! Mashine yangu haionekani."

Nikamwambia, "Basi tuizime kwanza, bwana."

"Hapana! Nataka izunguke."

Kisha Pius akavishwa kanzu ili apendeze pichani. Kanzu, jamani! Mikono mipana ile, kando ya mkanda! Sisi hata shuka hatuingii nayo mle ndani.

Mkanda ukadaka mkono wa kanzu, na mkono wa Pius ukafuata. Nikaruka kuvuta swichi.

Machela hakuna. Tukamlaza juu ya kifuniko chetu wenyewe, tukamkimbiza hospitali ya misheni. Yuko hai, namshukuru Mungu.

Dada yangu, mkewe Pius, analia, ananiuliza ilikuwaje. Ninyi mngemjibu nini?

Maana nimerudi na kifuniko begani, nikakuta picha imeshapigwa. Mtu mwingine alisimamishwa palepale pa Pius.

Damu waliifuta kwanza, ili mashine ipendeze.