Plastiki Iliyokatwa Kinyume

Mimi ni fundi wa elektroniki, wa kujipiga kifua, lakini tangu siku hiyo naongea polepole. Mama Chebet wa Njoro alikaa dukani kwangu Bondeni, mayai ameyafunga kwa blanketi, yakipoa. Mashine yake ya kutotolesha vifaranga ilihitaji bodi mpya ya umeme, nami nilikuwa nimeinunua ikiwa tupu, bila vipuri. Niliazima mashine ambayo mke wangu hukatia maandishi ya fulana, nikakata plastiki yenye vitundu vya kupitishia solda laini, ile risasi ya kushikishia vipuri, kwenye bodi.

Vitundu vikakataa kulingana na bodi. Nikazungusha, wapi! Nikakata nyingine, ikawa vilevile.

"Fundi, mayai yangu yanakufa," akasema Mama Chebet.

"Mathe, tumeuziwa bodi mbovu!" Nikampigia muuza bodi, nikaweka spika ili duka lote lisikie nikimtukana. Alijaribu kujibu, nikamkatiza.

Mke wangu akaingia, akatazama mashine yake.

"Baba Njeri, hii nimeiset ikate kinyume, kama kwenye kioo. Si ndivyo maandishi ya fulana hukatwa?"

Akaichukua plastiki, akaigeuza upande wa pili, akailaza kwenye bodi. Kila kitundu kikakaa mahali pake.

Simu ilikuwa bado wazi.

"Boss," muuzaji akauliza, "ulikuwa unasema?"