Hataki mwenzake azikwe na picha ya kitambulisho

Saa mbili asubuhi, Elinah Achola anavuka mpaka wa Busia kwa bodaboda, gunia la simsim, yaani ufuta, nyuma yake na kamera kifuani, imefungwa kwa leso. Simsim ina wateja wake soko la upande wa Kenya. Kamera ndiyo inayomnyima raha.

"Nabonyeza, inakataa," anasema. "Na leo ndiyo leo."

Leo ni siku ya mwisho sokoni kwa Mama Anyango wa Nabuyoga, mchuuzi mwenzake wa miaka mingi. Magoti yamemshinda. Mchana mwanawe atamfuata kwa gari, na hatavuka tena. Ameomba kitu kimoja tu: apigwe picha hapa hapa alipotafutia watoto wake riziki.

Si ombi dogo. Kijijini kwao, picha ya marehemu huwekwa juu ya jeneza, kisha hutundikwa ukutani miaka yote. Wachuuzi wengi hawana nyingine ila ya kitambulisho, iliyokuzwa hadi sura ikapotea.

Elinah, mkulima wa Mulanda, Uganda, mwenye umri wa miaka 43, anaujua uchungu huo.

"Mama yangu tulimzika na picha ya kitambulisho," anasema. "Macho imetoka kama mtu ametishwa. Yule hakuwa mama yangu."

Mwaka uliofuata alikwenda Kisumu kuuza karanga, akarudi na kamera ya mtumba. Tangu hapo kila safari yake ya ng'ambo ina kazi mbili: kuuza mali, na kutafuta maduka ya kamera na mahali penye mwanga mzuri. Picha moja ni shilingi elfu tano za Uganda. Asiye nazo huleta kuku, au haleti kitu.

Mahali pazuri pamemfunza adabu. Aliwahi kumpiga Mama Anyango picha karibu na kituo cha mpakani, kwa kuwa malori yaliyojipanga yalimpendeza. Mtu aliyevuka hapo tangu utotoni huona kama anapita uani kwake. Alisahau kabisa kwamba picha zimekatazwa. Askari alimfutisha zote.

Siku hizi hutumia ukuta wa buluu wa kinu cha unga asubuhi, na kingo za mto uitwao Sio, jua likipoa.

Maduka ndiyo taabu, maana simu zimeyamaliza. Duka la kwanza analolikumbuka sasa linauza nywele za bandia. La pili linauza vifuniko vya simu, na mwenyewe anamshauri atumie simu kama watu wengine. Elinah anamjibu, kwa upole unaokaribia kwisha, kwamba alichoulizia ni fundi.

Anazunguka na jua linapanda. Hatimaye anaelekezwa nyuma ya soko, kwa Paddy Okochi, fundi wa redio. Paddy anaifungua kamera, anapuliza, anaichungulia, kisha anacheka mpaka anaweka bisibisi chini. Punje za simsim zimekwama kwenye pete ya lenzi.

"Mathe, hii kamera umeilisha," anasema.

Elinah naye anacheka, kwa aibu na kwa furaha. Kabla ya leo, kila safari aliilaza kamera juu ya gunia ili isigongwe.

Kabla ya adhuhuri, Mama Anyango anasimama mbele ya ukuta wa buluu. Anakataa kiti. Anakataa pia kuvua aproni.

"Nipige na mizani yangu," anasema. "Wajukuu wajue nilikuwa nafanya kazi."

Akionyeshwa picha, anaitazama. Anapangusa kioo kwa pindo la aproni na kutazama tena.

"Huyu ni mimi," anasema. Kisha anamgeukia mpiga picha. "Na yako iko wapi, mwanangu?"

Elinah hana. Anayo ya kitambulisho tu.

Ana mpango wa kufungua studio ndogo Mulanda mavuno yakikubali, na kumfundisha kazi binti yake Lillian. "Nataka nimalize hii aibu ya kuzika watu bila sura zao," anasema, machozi yakimlengalenga.

Lakini kwanza anampa Mama Anyango kamera, anamwonyesha pa kubonyeza, na kwenda kusimama ukutani. Picha ya kwanza inatoka bila kichwa. Elinah anaitazama, anarudi palepale na kunyoosha leso yake.

"Rudia, Mama," anasema. "Gari bado haijafika."