Mama Aliniomba Picha Yangu, Nikamtumia Mlima

Nilidanganya, na uongo wangu sina wa kumsukumia. Naomba unisikilize tu, maana hapa nilipo sina wa kumwambia.

Nimeajiriwa Durban, kwenye ofisi ndogo kule Morningside inayouza likizo za kutembea kwa miguu na kuendesha baiskeli kwenye milima ya kisiwa cha Krete, kule Ulaya. Kazi yangu ni kujibu maswali ya wateja. Najua njia inapoachana na kijiji, bomba la maji lilipo, na kona ipi ni kali mpaka ushuke usukume baiskeli. Krete yenyewe sijawahi kuikanyaga, na baiskeli siijui.

Likizo yangu ilipokaribia, mama akanipigia kutoka Tanga. "Njoo nyumbani mwanangu, nina hamu nawe."

Sikutaka. Mara ya mwisho kila aliyepita barazani aliniuliza mume yuko wapi, nikarudi huku roho imechoka. Nikamwambia ofisi inanipeleka Krete nikazijaribu njia zetu.

"Baiskeli umejifunza lini?"

"Huku huku, mama."

Akacheka, akaniombea dua. Nikaona yameisha.

Basi likizo nikajifungia chumbani kwangu South Beach, mapazia yameshushwa. Watanzania wenzangu nao nilikuwa nimewadanganya, kwa hiyo sikuweza hata kwenda mjini kula na mtu. Chini watu wanaelekea ufukweni wanacheka, mimi niko ghorofani napika wali wa mtu mmoja. Upweke ule sikuutegemea. Kilichonichangamsha ni kuchukua picha za ofisini na kuzirusha kwenye grupu la familia: milima, mbuzi, mizeituni, njia ya mawe inapanda. "Leo tumepanda hapa, miguu sina!" Wakawa wananisifu, nami nikanogewa.

Jirani yangu Mkongo, Maman Nadine mwenye saluni, alinikuta mlangoni natoa taka.

"Eish, dada, kumbe iko hapa? Banasema uko Ulaya."

"Usimwambie mtu."

"Sitasema. Lakini kuya kwangu ukule, usibaki peke yako kama mwizi."

Sikwenda, niliona aibu.

Siku moja mama akanitumia ujumbe wa sauti. "Mwanangu, milima nimeiona, mbuzi nimewaona. Sasa nionyeshe wewe."

Ningeweza kumpigia video hapo hapo. Lakini ukuta wa chumba changu anaujua, na taksi za Durban zilikuwa zinapiga honi chini ya dirisha. Nikamwandikia kuwa mtandao wa huku ni mbovu, nikamtumia mlima mwingine.

Hakujibu. Baada ya hapo grupu zima likanyamaza. Nikanuna, nikasema hawa wananionea wivu, nikaongeza picha.

Nilipoandika kwamba nimeshatua Durban, kaka yangu alipiga papo hapo.

"Uko kwako kabisa?"

"Ndiyo, kaka."

"Kaa chini."

Mama alianguka kwa presha asubuhi iliyofuata ile sauti, wakamzika alasiri. Hitima ilikuwa imeshasomwa. Ndugu wote walikubaliana nisiambiwe, kama tunavyofanya kwetu mtu akiwa safarini. Picha zangu za mbuzi zilikuwa zinaingia msibani.

"Tuliogopa," kaka alisema. "Tukasema akisikia yuko juu ya baiskeli, ataanguka korongoni, tutazika wawili."

Nilikuwa nimekaa kitandani, pale pale nilipokaa likizo nzima. Likizo ile ningekuwa naye. Ningekuwa nampikia uji.

Kaka akataka kunifariji. "Lakini alifurahi, mdogo wangu. Jioni ile kabla hajaanguka alikuwa anazikuza zile picha kwa vidole, anakutafuta. Mwisho akaona mtu kwa mbali juu ya baiskeli. Akasema, huyu hapa, mgongo wa mwanangu naujua."

Sijamwambia mpaka leo kwamba ile ni picha ya tangazo letu.

Wewe uliye mbali na kwenu, mama akiomba kukuona, mpigie. Azione nywele hazijasukwa, akione na hicho chumba chako kibovu. Wangu alikufa akifurahia mgongo wa mtu nisiyemjua.