Siku Nilipomwita Mzee Agim Mpenzi Wangu

Naomba niseme mapema ili mcheke yaishe: mbele ya watu kama arobaini, mkewe akiwa amesimama na kisu cha keki mkononi, nilimwita mzee wa miaka themanini mpenzi wangu, tena mara mbili, tena kwa lugha mbili, na lugha zenyewe ndizo nilizozisomea.

Mnajua nilikuja Minnesota kusoma isimu, na kwa sababu ambazo mama yangu kule Singida hajazielewa mpaka leo ("Kialbania, mwanangu? Kwani Kiingereza kimeisha?") tasnifu yangu ikawa juu ya vivumishi vya Kialbania na Kigiriki. Mzee Agim ni Mwalbania, Mama Eleni mkewe ni Mgiriki, na kwa miaka mitatu kila Jumamosi nilikaa jikoni kwao Lakeville nikiwauliza "mlango mwekundu" mnasemaje, na "ule mlango mwekundu" je, wao wananijibu huku wananijazia sahani. Kisha baba yangu akafariki. Makaratasi yangu ya uhamiaji yalikuwa hayajakaa sawa, kwa hiyo nikazika kwa simu, nimekaa ndani ya gari kwenye maegesho ya ofisi niliyokuwa nafanyia kazi Eden Prairie (halafu nikarudi ndani kujibu barua pepe, ndiyo, nilirudi). Tangu siku ile neno "baba" likawa linanishinda kulitamka. Jumamosi iliyofuata Mzee Agim alivuta kiti akasema, "Leo tuache milango. Nieleze alikuwa mtu wa namna gani."

Basi ilipofika sherehe yake ya kutimiza miaka themanini, binti yao akaniomba niseme machache. Nikaandika kwenye karatasi mwanzo wa kawaida kabisa, "babai im i dashur", yaani baba yangu mpendwa. Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo nilipojiponza. Kwa Kialbania baba ni baba kama kwetu, ila ukimtaja yule unayemjua, neno linaota mkia, linakuwa "babai". Lakini ukikitanguliza kivumishi, ule mkia unalihama jina, yaani lile neno baba, na kurukia kwenye kivumishi, na jina linabaki tupu: "i dashuri im baba". Baba, vilevile tunavyoita nyumbani. Nikiwa nimeshasimama, watu wameshanyamaza, nikaikunja ile karatasi nikaitia mfukoni, kwa sababu nilitaka mara moja tu nimwite mtu baba, bila mkia.

Nikasema, "I dashuri im..." nikafungua kinywa kulitoa hilo jina, likagoma kutoka.

Na hapo, jamani, pasipo jina la kukishika, hicho kivumishi kinasimama peke yake na maana yake ni moja: mpenzi wangu. Mpenzi wa kutoka naye!

Shangazi mmoja akaweka uma chini taratibu. Mtu nyuma akauliza, "Tangu lini?" sebule nzima ikapasuka kwa kicheko, nami badala ya kukaa chini nikamgeukia Mama Eleni nimweleze kwa Kigiriki chake, na Wagiriki wana desturi ya kurudia kile kineno chao cha "yule" mbele ya jina na mbele ya sifa pia, kwa hiyo nikaanza vizuri tu, "o agapiménos mou, o..." yaani mpendwa wangu (na kwao pia, likiwa peke yake, ni mpenzi), yule... na likakwama palepale, maana hata kwa Kigiriki baba ni "babás", hakuna pa kukimbilia.

Mama Eleni akanitazama na kisu chake. "Yupi?" akauliza.

Nikatoka mbio hadi gereji, soksi tupu (kwao viatu huachwa mlangoni), nikasimama kwenye saruji ya baridi katikati ya matairi ya akiba na koleo la theluji, nalia na kucheka pamoja. Baada ya muda Mzee Agim akaja na viatu vyangu.

"Miaka themanini," akasema, "na hakuna aliyewahi kunitangaza hivyo. Hata Eleni."

"Nisamehe, Mzee. Kuna neno limenikwama."

"Nalijua. Lakini mimi siye yeye, Rehema. Mwite wako kwanza. Mimi naweza kusubiri."

Akageuka, akajifanya anatafuta kitu kwenye rafu. Nami nikaugeukia mlango wa gereji uliofungwa, nikasema, "Baba." Sauti ilitoka mbovu, kama ya mtu aliyeamka sasa hivi. Nikasema tena. Hakuna aliyeitika, na nilijua hataitika mtu, lakini nilibaki nimesimama kidogo nikisikiliza.

Tangu hapo nimeapa sitacheza tena na mpangilio wa maneno mbele ya keki ya mtu: jina litangulie, sifa ifuate, na karatasi ikae mkononi. Mama Eleni hajanisamehe, anafurahia mno kunitania. Nikipiga simu humwita mumewe kwa sauti, "Agim, mpenzi wako!" Nami nacheka, halafu nasikia hatua zake zikija taratibu kwenye simu, na kila mara, kabla hajasema neno, natamani sauti itakayokuja iwe ile nyingine.