Wabluu na Wekundu wa Darasa Langu

Nimefundisha chekechea kwa miaka tisa, katika shule ndogo ya mabati pale Makongeni, nyuma ya nyumba za zamani za reli. Kila mwaka hakosi mzazi wa kuniambia kwamba watoto hawana ubaguzi. Husema akiwa amefumba macho kidogo, kama anayeomba. Siku hizi namwacha amalize, nampa daftari la mwanawe aende zake.

Vikombe ndivyo vilivyonifunza. Mwenye shule alinituma sokoni Gikomba nikanunue vikombe vya plastiki vya uji, nikakuta muuzaji hana vya rangi moja vya kutosha. Nikarudi na vya bluu na vyekundu. Watoto waliokaa upande wa dirisha nikawapa vya bluu, wa upande wa mlango vyekundu. Sikuwa na sababu nyingine. Wiki nzima walikunywa uji, wakachafua sweta zao, na hakuna aliyejali rangi.

Kisha mimi, kwa uvivu wangu, nikatafuta njia rahisi ya kuwanyamazisha. "Oneni wa bluu wanavyokaa vizuri," nikasema. Wa vyekundu wakatulia papo hapo, nami nikajiona mwalimu hodari. Nikarudia kesho yake, na keshokutwa. Mlangoni kulikuwa na kelele za barabara, watoto wa pale hawakuacha kugeuka, kwa hiyo wa bluu ndio waliosifiwa karibu kila siku.

Haikuchukua muda wakajipa jina. Walianza kujiita "Wabluu", kwa sauti ileile ambayo wazazi wao hutajia makabila. Mvulana mmoja wa miaka mitano, ambaye mama yake ni mwimbaji wa kwaya, akatangaza kwamba Wekundu wananuka. Wenzake wakaziba pua. Mpaka juma lile, huyo mvulana alikuwa akigawana viazi vitamu na msichana mmoja wa miaka minne kutoka Majengo, binti wa mama Mwislamu anayeshona nguo. Msichana yule alikuwa na kikombe chekundu.

Siku moja nikamwona akimwaga uji wake kwenye mtaro.

"Mbona unamwaga?" nikamwuliza.

"Ticha, sitaki kuwa Mwekundu. Wekundu hawajui kusoma."

Darasa zima, yeye peke yake ndiye aliyejua herufi zote.

Nikaenda kwa mwenye shule. Akacheka. "Mwalimu, hawa ni malaika. Hayo ni mashindano tu, hata yanawafaa." Akanishauri nibandike karatasi ukutani, kila upande uwe unapewa nyota. Hutamka neno malaika mara kumi kwa siku, na sijawahi kumwona akikaa darasani hata dakika tano.

Ijumaa mama wa msichana akaja kuuliza kwa nini mwanawe anarudi nyumbani na njaa. Tulisimama langoni. Kabla sijafungua mdomo, mama wa kwaya, aliyekuwa amekuja kumchukua mwanawe, akadakia, "Wangu ameniambia, huwa anaumwaga uji. Usikasirike, mamangu, lakini hayo ni malezi. Hawa wetu tunawalea tofauti."

"Wangu ana miaka minne," mama wa msichana akasema taratibu.

Mvulana alikuwa ameshika sketi ya mamake, akimtazama mdomoni, neno kwa neno. Nilijua vikombe vile nilivigawa mimi, na sifa zile nilizitoa mimi. Nikajifanya natafuta kalamu mfukoni.

Jumatatu nikavigeuza vikombe, vyekundu dirishani, vya bluu mlangoni. Mvulana alipoona chekundu mbele yake alilia hadi akatapika. Kufikia Alhamisi alikuwa akiwaambia wenzake kwamba Wabluu ndio wananuka. Alihama bila haya, kama mwanasiasa aliyepewa tikiti ya chama kingine. Nilitegemea angalau msichana angekuwa na huruma, kwa kuwa yeye alikuwa ameonja. Alikaa kwenye benchi na kikombe chake cha bluu, na mtoto mdogo wa kikombe chekundu alipojaribu kukaa karibu naye, akamsukuma kwa kiwiko. "Nenda kwenu. Nyinyi hamjui kusoma."

Vikombe vyote nikavitia kwenye gunia. Wakanywea vya chuma nilivyoazima kwa jirani mpaka muhula ukaisha.

Kwenye mkutano wa wazazi nikasimama nikaeleza yote, na kwamba kosa lilikuwa langu. Hakuna aliyeuliza swali. Mwenye shule akanishukuru, akaingia kwenye habari za safari ya kwenda kutazama wanyama. Tulipotoka, mama wa kwaya akanishika mkono. "Mwalimu, usijilaumu bure. Watoto hujuana wenyewe, damu haidanganyi."

"Hujuana kwa sababu mnawaambia," nikamjibu. "Na mimi niliwaambia."

Akaniachilia mkono. Wiki iliyofuata nikaitwa ofisini, nikaonywa niwaheshimu wazazi. Nikaomba msamaha, maana kazi niliihitaji, na msamaha ule ulinichefua kuliko vikombe.

Mwaka jana nilikwenda sokoni Kariokor kununua akala, viatu vya mpira wa tairi. Nikakutana na mama wa Majengo akiwa na yule binti, ambaye sasa alikuwa darasa la tatu shule nyingine. Binti akanishika mkono, akaniamkia kwa adabu. Nikamwuliza kama amepata marafiki huko.

"Nimepata wengi, Ticha," akasema. "Wote ni wa kwetu tu. Wale wengine hatuchezi nao."

Mama yake akatabasamu, akamrekebisha mtandio kichwani. Nikasema ni vizuri. Kisha nikamgeukia fundi wa akala, nikamwomba anikazie ukanda wa kiatu cha kushoto.