Mabenchi ya Mbele

Natamani ningekataa siku ile baba aliponikabidhi tochi na kuniambia nisimame mlangoni mwa sinema, niwaonyeshe watu pa kukaa. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Nilikubali kabla hajamaliza kusema, maana tochi ile ilikuja na kofia yenye ukanda mwekundu.

Enzi zetu pale Kitale sinema ilikuwa moja, na baba ndiye aliyekuwa meneja. Wazungu walipanda ghorofani, kwenye viti vya mito, blanketi magotini kwa ajili ya baridi. Sisi Wahindi tulikaa katikati, kwenye viti vya mbao. Waafrika waliingia kwa mlango wa ubavuni, karibu na choo, wakabanana kwenye mabenchi yasiyo na egemeo, chini kabisa ya skrini, hata shingo zikawauma. Na bado huko mbele ndiko kulikokuwa na raha. Kulikuwa na fundi mmoja wa baiskeli aliyewafasiria wenzake kila neno kwa Kiswahili, na pale asipoelewa alitunga lake, likawa tamu kuliko la filamu. Mvua ikipiga bati, yeye peke yake ndiye aliyesikika. Karanga za moto zilinukia ukumbi mzima, zikichanganyika na mafuta ya nazi ya vichwa vyetu.

"Usimwonee mtu haya," baba alizoea kusema. "Kila mtu na pahali pake."

Mama yangu mzazi alifariki nikiwa mchanga. Aliyenilea ni yaya wetu, Mama Nekesa. Wenzangu mliolelewa na yaya mnajua: ndiye aliyenifunza kusema, na neno langu la kwanza lilikuwa la Kiswahili. Aliniita mwanangu, mbele ya yeyote.

Jumapili moja alikuja sinema, mara yake ya kwanza, amevaa leso mpya, ili anione kazini. Hakujua habari ya milango. Akaingia kwa mlango wetu, akakaa kiti cha katikati, akaniita, "Mwanangu, njoo nikuone na hiyo kofia."

Vijana wa shule yetu wakacheka. "Bwana Tochi, mamako amekuja," mmoja akasema. "Mpe na soda."

Nikammulika usoni. "Wewe, mabenchi yako mbele."

Akainuka, akajifunga leso yake vizuri. "Ndiyo, bwana mdogo," akasema, akaenda.

Kesho yake chai yangu ilikuwa mezani kama kawaida, imefunikwa. "Chai tayari, bwana mdogo." Nilingoja lile neno la zamani lirudi lenyewe. Halikurudi. Kuomba radhi niliona aibu, na mwaka hadi mwaka nikaahirisha, mpaka nikapanda ndege kuja huku Birmingham, Uingereza, kuunda magari kwenye kiwanda cha Washwood Heath. Habari ya kifo chake ilinikuta kiwandani.

Siku hizi wajukuu wangu hutazama filamu kitandani, kila mmoja na simu yake, hata hajui nani anacheka chumba cha pili. Nikiwaeleza habari za mabenchi kwa Kiswahili, wananijibu kwa Kiingereza kwamba wao wangegoma. Labda. Aliyezaliwa Alum Rock, mtaa wetu wa huku, hana woga wa mdomo. Juzi walinipeleka sinema, wakaniambia nikae popote. Nikavitazama viti vile laini, havina mwenyewe, nikamtamani mtu mmoja tu wa kukaa naye.

Nilikuwa na mama mmoja niliyemjua. Nilimpoteza angali hai, tukiishi nyumba moja.